Mzigo wa Mwenye Kuhiji



Wapendwa waamini, kila inapokaribia tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wa Uganda, Kenya, Tanzania na nchi jirani huelekea Namugongo. Wengi huenda kwa miguu, na wengine hutembea majuma kadhaa. Swali la kwanza la anayejiandaa ni hili: nibebe nini? Juma hili tulitazame swali hilo kwa jicho la historia, kwa maana katika nchi yetu mzigo wa msafiri una historia ndefu yenye machozi.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea wapagazi. Kila mpagazi alibeba yapata kilo 30 kichwani au begani, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Fedha ya safari ilikuwa amerikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kwa vitu hivyo chakula kilinunuliwa na hongo ililipwa. Hivyo kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo mitumba ilivyozidi. Mitumba ikadai wapagazi wengine, nao wakadai chakula, kilichonunuliwa tena kwa mitumba. Mzigo ukazaa mzigo.

Wahubiri wa Injili nao walisafiri hivyo hivyo. Juni 1878 Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, waliondoka Bagamoyo wakiwa kumi, pamoja na mamia ya wapagazi. Mmoja wao, Padre Pascal, alifariki njiani mwaka huo huo. Padre Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda Februari 1879, na katika mafundisho yao wakapatikana wengi wa wale tunaowaheshimu leo Namugongo. Majina ya mapadre hao tunayasoma vitabuni. Je, waliobeba vitu vyao ni akina nani? Wengi wao hatuna jina la kuwaombea.

Bonde letu la Kilombero nalo linayajua hayo. Wabenediktini walianzisha misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902, na tangu 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakaichukua kazi hiyo. Ifakara haikupata reli hadi TAZARA ilipojengwa katika miaka ya 1970. Kabla ya reli na magari, vitu vilipita kichwani mwa watu na katika mitumbwi. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, upagazi ukawa wa kulazimishwa. Wabelgiji waliteka Mahenge Oktoba 1917, na majeshi ya pande zote yalikula na kupigana kwa migongo ya Waafrika. Katika vita ile ya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa, maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi chao.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mzigo uliozidi haubaki kuwa shauri la mwenye nao peke yake. Mwisho wake hubebwa na mtu mwingine. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Bwana anawatuma Thenashara wakiwa na fimbo na viatu, bila mkate, mkoba wala fedha, wala kanzu ya pili. Kanisa la kale lilizingatia hilo. Mahubiri ya karne ya 12 kwa mahujaji wa Santiago, Hispania, yalieleza kwamba mkoba wa hujaji ni mwembamba, ili abebe kidogo na kumtumainia Mungu. Na mdomo wake hubaki wazi, ili awe tayari kuwapa maskini.

Mahujaji wa siku hizi wana kanuni inayofaa: begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 abebe kilo 6. Achukue maji, nguo moja ya kubadili, soksi za akiba, viatu alivyokwisha kuvizoea, na kanga au shuka, ambayo ni taulo, shuka na kivuli kwa wakati mmoja. Dawa anazotumia asiziache. Chandarua pia asikiache: utafiti uliofanyika Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa huokoa maisha ya watoto wadogo, nacho hakina uzito wa kumchosha mtu. Mengine ayatandaze mkekani usiku wa kuamkia safari, akiuliza juu ya kila kimoja: nikichoka, nani atanibebea hiki?

Mei 1886 Karoli Lwanga na wenzake walitembea kutoka Munyonyo hadi Namugongo wakiwa wamefungwa kamba, bila begi wala akiba. Hatuwezi kuwaiga katika yote. Twaweza, hata hivyo, kufunga mizigo yetu kwa namna isiyomlemea jirani, na kuacha bega moja tupu kwa ajili ya mzee au mgonjwa atakayeshindwa njiani. Na tunapotembea, tuwataje katika rozari wapagazi wa zamani wasio na majina. Mungu anayajua.

Tuwatakie mahujaji wetu safari njema. Amina.