Kutengeneza roboti ukiwa kambini: uanzie wapi?

Kama wewe au mtoto wako mnapenda kufungua redio mbovu ili kuona kilichomo ndani, makala hii ni yenu. Inaeleza jinsi ya kutengeneza roboti ya kwanza bila kompyuta na bila fedha nyingi.

Roboti si lazima iwe na kichwa na mikono kama kwenye filamu. Ni mashine inayohisi kitu, kisha inatenda kulingana na ilichohisi. Gari la waya ambalo watoto wanasukuma kwa fimbo si roboti. Likigeuka lenyewe kuufuata mwanga wa tochi, limekuwa roboti. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mjini Bristol, Uingereza, mwanasayansi William Grey Walter alitengeneza roboti mbili ndogo, Elmer na Elsie, zilizotembea kuelekea mwanga. Hazikuwa na kompyuta yoyote. Anza na roboti ya aina hiyo.

Unahitaji vifaa gani?

Mwone fundi redio sokoni, umwombe deki mbili za DVD zilizokufa. Kila moja ina mota ndogo inayotoa na kurudisha sahani. Ichukue pamoja na mpira wake na gia zake, kwa sababu mota peke yake inazunguka kwa kasi sana na haina nguvu ya kusukuma kitu. Ongeza transista mbili za 2N2222, vihisi mwanga viwili (mafundi wanaviita LDR), waya, swichi, na betri tatu za redio, zile ambazo wengi wetu tunaziita mawe. Vifuniko vya chupa vitakuwa magurudumu. Kipande cha dumu la plastiki kitakuwa mwili, na gololi au shanga kubwa itashika upande usio na gurudumu.

Unaunganishaje?

Waya mmoja wa LDR uende kwenye chanya ya betri, wa pili kwenye mguu wa transista uitwao beisi. Mguu wa emita uende hasi. Kolekta iende kwenye mota, na waya wa pili wa mota uende chanya. Mwulize fundi mguu upi ni upi kabla ya kuunganisha, maana mpangilio hutofautiana. Mwanga ukipiga LDR, umeme kidogo unapita hadi kwenye beisi, transista inafungua njia, na mota inazunguka.

Sasa sehemu inayofurahisha zaidi. LDR ya kushoto iendeshe mota ya kulia, na ya kulia iendeshe mota ya kushoto. Tochi ikiwa upande wa kushoto, gurudumu la kulia linakwenda kasi zaidi na gari linageuka kushoto, kwenye mwanga. Usipokatisha waya hivyo, gari litaukimbia mwanga. Likizunguka mahali pamoja tu, huenda mota moja inarudi nyuma: badilishana nyaya zake mbili. Jaribu jioni au ndani ya nyumba, kwa sababu mchana mwanga uko kila upande.

Tahadhari kuhusu betri

Hapa usibahatishe. Betri za lithiamu za simu na taa za sola zina nguvu nyingi, na nyaya zake zikigusana zinaweza kuwaka. Kwenye nyumba ya turubai au nyasi, moto hauishii kwako. Usitumie betri iliyovimba, usiitoboe, na usiiache ikichaji usiku mkiwa mmelala. Ikianza kutoa moshi, toa watoto nje kwanza. Kwa anayeanza, mawe ya redio yanatosha kabisa.

Baadaye

Ukitaka roboti unayoweza kuipangia kazi, tafuta bodi ya Arduino Uno. Michoro yake iko wazi kwa wote, hivyo kuna nakala za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Unaweza kuiandikia programu kwa simu ya Android inayokubali waya wa OTG. Usiunganishe mota moja kwa moja kwenye bodi hiyo: mguu wake mmoja hautakiwi kutoa zaidi ya miliampia 40, na mota inataka zaidi. Katikati weka kidhibiti mota kama L298N.

Vifaa hivi vingi viko mijini. Nchini Tanzania na Kenya, mkimbizi anatakiwa kuwa na kibali kabla ya kutoka kambini, na spea ya roboti haistahili kukukamatisha njiani. Mpe mfanyabiashara anayekwenda mjini karatasi yenye namba kamili za vifaa, na mkubaliane bei kabla hajaondoka.