Hina, Piko na Mzio: Historia Fupi ya Rangi za Nywele

Yapo maneno ambayo huficha zaidi ya yanavyofichua. Mojawapo ni jina la "hina nyeusi", linalosikika madukani na katika shughuli za harusi huko pwani. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Rangi yake ni nyekundu inayokaribia chungwa, nayo hukolea baada ya saa nyingi. Peke yake haitoi weusi wa makaa. Weusi huo wa haraka aghalabu hutokana na kemikali ya kiwandani iitwayo parafenilinidiamini, ambayo hutiwa katika unga ujulikanao kwa jina la piko, au kanta unapokuwa wa nywele.

Kemikali hiyo haikuzaliwa kwetu. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akitafuta kutengeneza kwinini, alipata rangi ya zambarau kutokana na mazao ya lami ya makaa ya mawe. Hapo ndipo rangi za viwandani zilipoanza kushamiri. Kabla karne ile haijaisha, parafenilinidiamini ilikuwa imekwisha kutumiwa kutia rangi manyoya na nywele. Mnamo 1907 Eugène Schueller, mwanakemia wa Paris, alitengeneza rangi yake ya nywele, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni ambayo jina lake, likifasiriwa, lilikuwa "Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizodhuru". Msomaji wa jarida hili hatakosa kulitazama kwa makini neno hilo la mwisho. Bidhaa isiyotiliwa shaka na mtu haihitaji kuitwa isiyodhuru.

Shaka ilikuwapo, na ilikuwa na sababu. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali za jamii hiyo hiyo, iliwaharibu wanawake macho. Baadhi walipofuka, na mmoja alifariki. Sheria ya mwaka 1938 ikaja na hukumu ya ajabu: rangi za nywele za namna hiyo ziliruhusiwa kuendelea kuuzwa, mradi kibandiko kimwonye mnunuzi afanye jaribio kwanza kwenye ngozi, wala asipake kope au nyusi. Kwa maneno mengine, usalama wa mtu uliwekwa mikononi mwa maandishi. Asiyeijua lugha ya maandishi hayo hana ulinzi huo.

Huko Sudan, ambako unga huo ulichanganywa na hina ili ikolee upesi, madaktari wa Khartoum katika miaka ya 1980 walieleza habari za watu walioumwa vibaya baada ya kuutumia au kuumeza: uso na shingo kuvimba hata pumzi kuzibika, kisha figo kushindwa kazi. Kwa kawaida, mtu anayejipaka nyumbani hupatwa na madogo kuliko hayo: muwasho, malengelenge, kope kuvimba, ngozi ya kichwa kutoa majimaji. Mara nyingi hutokea siku moja au mbili baada ya kupaka, hata mtu asishuku rangi.

Istilahi yetu ya hali hii ni mzio, na nathubutu kusema ni bora kuliko aleji. Hapo awali mzio ulikuwa kitu ambacho mtu hukiepuka, hasa chakula alichokatazwa. Maana imehama kutoka katazo la wazee hadi katazo la mwili wenyewe. Lakini bado tuna pengo. Mtu anaweza kupakwa piko mkononi akiwa mtoto asidhurike, na mwili ukaweka kumbukumbu. Akipaka nywele ukubwani, anavimba. Hatua hiyo ya kwanza, isiyo na dalili, inahitaji jina. Mimi napendekeza "kuamsha mzio".

Nalo jina la hina nyeusi liachwe, isemwe piko. Na kwenye kisanduku yaandikwe maneno yanayoeleweka na bibi arusi na somo wake: "Paka kidogo nyuma ya sikio. Ngoja saa 48. Ukiwashwa au ukivimba, usitumie."