Miezi mitatu ya kuishitaki Leta: historia ya sheria iliyofundishwa wachache

Tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 1998, waamuzi 315 wa Kongo walipoteza kazi kwa siku moja. Rais Laurent-Désiré Kabila alitia sahihi dekreti namba 144, iliyowafukuza wote pamoja kama watu wa tabia mbaya, wala rushwa, watoro wa kazi ao wasiojua kazi yao. Hawakupitishwa kwanza mbele ya baraza la nidhamu la waamuzi, kila mmoja na kosa lake. Watu waliozoea kusikiliza mashauri ya wengine wakajikuta upande wa wale wanaosimama mlangoni na karatasi mkononi, wakiomba kusikilizwa.

Walichofanya kinafaa kujulikana na kila mkaaji wa inchi hii. Walianza kwa kumuandikia Rais mwenyewe, wakimuomba arudie uamuzi wake. Hawakujibiwa. Siku zilizowekwa na sheria zilipotimia, mwaka 1999, wakapeleka shauri mbele ya Mahakama Kuu, Kinshasa. Walijua njia hiyo kwa sababu walikuwa wamesoma sheria ya utawala, yaani ile sehemu ya sheria inayosema Leta inaweza kufanya nini, kwa utaratibu gani, na raia afanye nini inapovuka mpaka.

Wakongo wengi hawakufundishwa sehemu hiyo hata siku moja, na hata kati ya wale wanaotia sahihi karatasi za Leta, waliofundishwa vizuri ni wachache. Jambo hilo lina historia ndefu.

Aliyeamuru ndiye aliyehukumu

Wakati wa Wabeleji, watu waliita Leta Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa kwanza Stanley. Kwa mtu wa kijijini, Bula Matari alikuwa mzungu wa territoire, yaani administrateta. Huyo ndiye aliyehesabu watu na kulipisha kodi. Ndiye pia aliyesimamia mashamba ya lazima: kuanzia 1933 sheria ilimruhusu kuwatumikisha watu siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikapandishwa kufika 120.

Administrateta huyo huyo ndiye aliyeongoza tribinali ya territoire. Mlimaji aliyeona ameonewa na amri alipaswa kuipeleka malalamiko yake kwa yule aliyeitoa. Ubelgiji wenyewe uliunda Conseil d'État kwa sheria ya 1946, mahakama ambamo raia anaweza kuomba uamuzi wa serikali ufutwe. Lakini mahakama hiyo ilikaa Brussels. Mlimaji wa pamba wa Maniema hakuwa na mlango kama huo karibu na kijiji chake.

Kwa hiyo, uhuru ulipofika tarehe 30 mwezi wa sita 1960, inchi ilirizi ofisi, mihuri na vitabu vya sheria, bila watu waliotayarishwa kuvitumia. Katika vyeo vya juu vya utawala, vilivyopita elfu nne, Wakongo walikuwa watatu tu. Waamuzi walikuwa wazungu, na wengi wao waliondoka katika wiki za vurugu za mwaka ule. Umoja wa Mataifa ukalazimika kuleta waamuzi kutoka inchi zingine ili mahakama zisifungwe.

Shule iliyofunguliwa mbio mbio

Mwaka 1961 ilifunguliwa Leopoldville École nationale de droit et d'administration, iliyojulikana kwa jina la ENDA, kwa msaada wa Ford Foundation ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kutayarisha haraka waamuzi na watumishi wa utawala. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa kati ya Wakongo wa kwanza kupata dokta ya sheria, aliiongoza katika miaka ile ya kwanza. Vijana waliotoka pale walitumwa majimboni kushika biro zilizoachwa wazi.

Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya inchi ilianza kazi, na ndani yake kukawa na sehemu ya kuhukumu mambo ya utawala. Rais wake wa kwanza alikuwa Marcel Lihau, mzaliwa wa Bumba, aliyesomea sheria Louvain na kushiriki katika kuandika Katiba ya Luluabourg ya 1964. Kwa mara ya kwanza, Mkongo alikuwa na mahakama ya inchi yake ambamo angeweza kusema: uamuzi huu wa waziri ni kinyume cha sheria, ufutwe.

Lakini mambo hayo mawili, shule na mahakama, yalipigwa karibu wakati mmoja. Mwaka 1971 vyuo vikuu viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na ENDA ikamezwa humo. Mwaka 1974 Katiba ilifanya MPR kuwa chombo pekee cha inchi. Mahakama zikageuzwa kuwa Conseil judiciaire, tawi la chama. Komiseri wa zone, aliyeshika nafasi ya administrateta wa zamani, alikuwa pia kiongozi wa chama mahali pake. Mwaka 1975 Mobutu alimuondoa Lihau kazini kwa kukataa adhabu kali juu ya wanafunzi walioandamana. Nani angemfundisha mtumishi kijana kwamba sahihi ya mkubwa ina mpaka, wakati rais wa Mahakama Kuu mwenyewe aliondolewa namna hiyo?

Njia iliyoandikwa 1982

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria nzuri ziliandikwa katika miaka ile ile. Tarehe 31 mwezi wa tatu 1982 zilitoka ordonnance-loi mbili. Ya kwanza ilipanga utaratibu wa Mahakama Kuu. Ya pili iligawa kazi: maamuzi ya wakubwa wa Kinshasa yashitakiwe mbele ya Mahakama Kuu, na maamuzi ya wakubwa wa majimbo na wa chini yao yashitakiwe mbele ya mahakama ya rufaa, ile Cour d'appel ya jimbo.

Utaratibu wenyewe una ngazi tatu. Raia aliyepata barua ya uamuzi, ao uamuzi ukitangazwa, ana miezi mitatu ya kumuandikia yule aliyeutoa, akimuomba aufute ao aubadili. Aliyeandikiwa akinyamaza miezi mitatu, ukimya wake unahesabiwa kuwa amekataa. Kuanzia hapo raia ana miezi mitatu mingine ya kwenda mahakamani. Anayeruka ngazi ya kwanza, ao anayechelewa, anafungiwa mlango hata kama haki iko upande wake.

Na mbele ya muamuzi kuna maswali machache ya kujibu. Je, aliyetia sahihi alikuwa na mamlaka hayo? Je, alifuata utaratibu? Je, uamuzi unapingana na sheria? Je, alitumia cheo chake kwa faida nyingine kuliko ile iliyokusudiwa? Moja tu ikithibitishwa, uamuzi unaweza kufutwa.

Maswali hayo mtu aliyesoma masomo ya sekondari anaweza kuyaelewa. Lakini yalibaki katika vitabu vya Kifaransa, mikononi mwa mawakili wa miji mikubwa.

Waamuzi wanahukumiwa

Hapo ndipo tunarudi kwa wale 315. Wao walifuata ngazi zote. Mwaka 2001, tarehe 26 mwezi wa tisa, Mahakama Kuu ikatoa jibu: dekreti namba 144 ilikuwa tendo la kisiasa la serikali, lile linaloitwa acte de gouvernement, na kwa hiyo muamuzi hawezi kuligusa. Kwa maneno mengine, njia ilikuwepo, waliijua na waliifuata, na mwisho wake waliambiwa kwamba mlango huo si wao.

Waamuzi 68 kati yao hawakuishia hapo. Walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2003 Kamati iliwapa haki: kuwafukuza namna ile kulivunja haki yao ya kutumikia inchi kwa usawa na kuliharibu uhuru wa mahakama. Iliiomba Kongo iwarudishe kazini na kuwalipa fidia. Iliona pia kwamba wawili kati yao walikuwa wamefungwa bila sababu ya kisheria.

Shauri hilo lina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba kujua sheria hakutoshi, kama muamuzi anayeisoma hana nguvu mbele ya aliyemteua. La pili ni kwamba kama hawangehesabu siku zao tangu mwanzo, hata Kamati ya Umoja wa Mataifa ingewauliza kwanza: mlijaribu njia za kwenu? Karatasi walizotuma kwa Rais, zile ambazo hazikujibiwa, ndizo zilizowafikisha mbali.

Mahakama mpya, masomo mapya

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 iligawa ile Mahakama Kuu ya zamani katika tatu, na moja kati yao ni Conseil d'État, iliyopewa kazi ya kuhukumu mambo ya utawala. Chini yake, kifungu cha 154 kiliahidi mahakama na tribinali za utawala. Sheria ya kuzipanga, namba 16/027, ilitoka tarehe 15 mwezi wa kumi 2016, na waamuzi wa Conseil d'État waliteuliwa 2018. Ni miaka kumi na miwili tangu Katiba. Rais wake wa kwanza alikuwa Profesa Félix Vunduawe te Pemako, aliyefundisha sheria ya utawala kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Sheria ya 2016 haikutupa ngazi za 1982, ila iliongeza mambo ambayo waamuzi na mawakili waliosoma zamani hawakuyakuta darasani. Moja ni shauri la haraka, référé, ambamo raia anaweza kuomba uamuzi usimamishwe kabla haujamharibia kila kitu, ao uhuru wake ulindwe mara moja. Wakili anafanya stage ya miaka miwili kabla ya kuandikwa kabisa katika baro. Lakini aliyemaliza stage 1995 ao 2010 alimaliza kabla ya sheria hiyo. Asiporudi kusoma, mteja wake ndiye atakayelipa.

Hali ni hiyo hiyo kwa watumishi wa utawala. Shule ya taifa ya utawala, ENA, iliundwa tena Kinshasa mwaka 2013. Lakini karatasi nyingi zinazogusa maisha ya watu hazitoki Kinshasa. Zinatoka kwa meya, kwa bourgmestre, kwa administrateta, kwa conservateur wa mambo ya ardhi. Hao wakikosa masomo, makosa yao yanafika nyumbani kwa mkaaji kama amri.

Saa ya mtu aliyehama

Kwa familia zilizokimbia makwao, jambo hili linauma zaidi, sababu saa ya sheria huhesabu tangu uamuzi ulipotangazwa ao kufika mikononi, na mtu wa kambini mara nyingi hayupo unapotangazwa. Parsele inaweza kupewa mwingine wakati mwenyewe yuko chini ya shitingi. Sheria ya ardhi ya 1973 inaongeza saa ya pili: certificat d'enregistrement ikimaliza miaka miwili, ni vigumu sana kuipinga, na anayelalamika anabaki kudai fidia tu.

Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, hali ya dharura iliyoanza tarehe 6 mwezi wa tano 2021 iliweka magavana wanajeshi na kupeleka mambo ya jinai kwenye mahakama za kijeshi. Lakini kuomba uamuzi wa gavana ufutwe si jambo la jinai. Kisha Goma iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, Bukavu ikafuata mwezi wa pili, kambi za pembeni ya Goma zikavunjwa, na watu wakatawanyika tena. Mtu anapokuwa mbali na mahakama ya jimbo lake, miezi mitatu ni mifupi.

Katiba ilifikiria madhara makubwa pia. Kifungu cha 155 kinaruhusu kuomba fidia mbele ya Conseil d'État kwa hasara isiyo ya kawaida iliyoletwa na hatua ya wakubwa wa inchi, pale ambapo hakuna mahakama nyingine ya kuihukumu. Haisemi kila hasara ya vita. Inasema hatua iliyochukuliwa ao kuamriwa na Leta, na hiyo ni lazima ionyeshwe kwa karatasi.

Kwa hiyo masomo haya si ya mawakili peke yao. Mkubwa wa kambi, shirika la raia, kanisa, radio, wote wanaweza kufundisha mambo manne yanayoingia kichwani mwa mtu yeyote. Andika tarehe ulipopata barua. Chunga kopi, hata picha katika simu. Unapomuandikia mkubwa, omba muhuri ao sahihi ya kupokea. Na ugomvi wa mpaka kati ya majirani upeleke kwenye mahakama ya kawaida, lakini uamuzi wa Leta una njia yake na siku zake.

Mwaka 1961 inchi ilifungua shule sababu biro zilikuwa tupu. Leo biro zina watu, na katika Katiba mahakama zipo. Kinachohitajika ni kwamba anayetia sahihi na anayepokea barua wote wajue mpaka uko wapi, kabla miezi mitatu haijaisha.