Kuahirisha si Kukataa: Asili ya Istilahi Mbili za Seva ya Barua

Miongoni mwa rasimu za tafsiri zilizoletwa mbele yetu ulikuwamo mwongozo wa wasimamizi wa seva za barua pepe. Mfasiri alikuwa ameifanya kazi yake kwa bidii, lakini neno moja, "imeshindikana", alilitumia kwa majibu mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Kosa hilo laonekana dogo, walakini msimamizi aufuataye mwongozo huo aweza kuzipoteza barua za ofisi nzima. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza asili ya majibu hayo kabla ya kupendekeza istilahi.

Agosti 1982, Jonathan Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alitoa kanuni za kusafirisha barua baina ya kompyuta. Kwa mujibu wa kanuni hizo, seva inayopokea hujibu kwa nambari yenye tarakimu tatu. Ikianza na 2, ombi limekubaliwa. Ikianza na 4, ombi haliwezekani kwa sasa, na mtumaji ajaribu tena. Ikianza na 5, ombi halikubaliki, wala lisirudiwe vilevile. Karani wa posta aliyeondoka dirishani kwa muda husema "rudi baadaye", hasemi "hatupokei". Seva iliyoambiwa "rudi baadaye" huiweka barua katika foleni yake. Nyongeza ya Oktoba 1989 ilishauri kwamba ingoje angalau dakika 30 kabla ya kurudia, na kwamba kwa kawaida isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5.

Jibu la 4 liliwekwa kwa ajili ya matatizo ya muda tu. Barua taka hazikuwa bado tatizo kubwa, ijapokuwa Mei 1978 mfanyakazi wa kampuni ya DEC, Gary Thuerk, alikwisha kupeleka tangazo moja la biashara kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa ARPANET. Lakini miaka ya 1990 zilifurika, na vichujio vikabuniwa. SpamAssassin, inayopima dalili za barua taka, ilitokea mwaka 2001. ClamAV, inayotafuta virusi, ikafuata mwaka 2002.

Hapo ndipo ulipozuka udhaifu mpya. Aghalabu kikaguzi ni programu inayojitegemea, nayo seva huiuliza habari za kila barua. Kikaguzi sharti kipewe alama mpya za virusi mara kwa mara, na pengine kizimwe na kuwashwa upya. Katika dakika hizo seva huuliza isijibiwe. Je, barua iliyopo mlangoni ifanywe nini?

Njia ni tatu. Kwanza, seva yaweza kuipitisha bila kuikagua. Lakini barua taka na virusi navyo vitapita humo humo. Pili, yaweza kuikataa. Hapo barua halali ya mzabuni au ya mahakama itarudishwa kwa aliyeipeleka, kana kwamba anwani ni mbovu. Tatu, yaweza kuiahirisha kwa jibu la 4. Barua hubaki salama katika foleni ya mtumaji, na kikaguzi kikirudi kazini hukaguliwa kama nyinginezo. Watunzi wa Postfix, programu mashuhuri ya seva za barua, waliifanya njia hii ya tatu kuwa ya kawaida kichujio cha aina hii kisipojibu, isipokuwa msimamizi aamue vingine.

Ama kuhusu kukipunguza kingojeo chenyewe, maendeleo yamepatikana. Tangu toleo la 0.103 la mwaka 2020, ClamAV yaweza kupakia alama mpya huku ikiendelea kukagua kwa zile za zamani, ingawa kwa kitambo hicho huhitaji kumbukumbu ya kompyuta karibu maradufu. Penye vikaguzi viwili, huwashwa upya kwa zamu, kimoja baada ya kingine. Hata hivyo hapana kikaguzi kisichosimama kamwe. Jibu la 4 ndilo kinga ya mwisho.

Basi tunapendekeza kwamba jibu la 4 liitwe "jibu la kuahirisha" na la 5 "jibu la kukataa". Neno "imeshindikana" tunashauri liachwe kabisa katika uwanja huu, maana halimwambii msomaji kama barua itarudi mlangoni au la. Kwa njia ya tatu tusiseme "kuzuia" vilevile, kwa kuwa kilichozuiwa hakina ahadi ya kupokelewa kesho. Wahenga walisema kawia ufike, na barua iliyoahirishwa hukawia tu. Mwongozo ukiandika kwamba imeshindikana, msimamizi ataiacha ile njia ya tatu akidhani ni hasara, na kuchagua mojawapo ya zile mbili zenye hasara ya kweli.