Tiba ya Michezo na Watu Wazima Waliojifunza Kunyamaza

Mwaka 1909, mjini Vienna, daktari Sigmund Freud alichapisha kisa cha mvulana aliyeogopa farasi hata akakataa kutoka nje, na mitaa ya mji huo ilijaa magari ya farasi. Katika matibabu yote Freud alionana naye mara moja tu. Baba ndiye aliyemhoji mtoto nyumbani na kumpelekea daktari majibu. Tiba ya hofu ilikuwa maswali, na muulizaji alikuwa mtu mzima.

Mwalimu wa mji huohuo, Hermine Hug-Hellmuth, alitangulia kuutazama mchezo wenyewe, akiwafuata watoto majumbani mwao. Kisha mchambuzi wa nafsi Melanie Klein, akiwa Berlin katika miaka ya 1920, akampa kila mtoto droo yake yenye ufunguo, ndani yake watu wadogo wa mbao, wanyama na magari. Lakini Klein hakunyamaza: magari yakigongana, alimweleza mtoto palepale maana iliyojificha. Anna Freud, binti wa Sigmund, alimpinga. Kwake, si kila mchezo una fumbo, na mtoto hana budi kwanza kumwamini anayemtibu. Wote wawili walihamia London, Klein mwaka 1926 na Anna mwaka 1938, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mabishano yao nusura yakigawe chama cha wanataaluma wenzao.

Katika jiji hilo kulikuwa na njia ya tatu. Daktari Margaret Lowenfeld alifungua kliniki mwaka 1928 kwa watoto wenye wasiwasi na wale walioitwa wasumbufu. Aliweka trei za zinki zenye mchanga, maji, na kabati la vichezeo vidogo, wazo lililotokana na kitabu cha H. G. Wells kuhusu michezo ya sakafuni. Mtoto alijenga mji, vita au shamba. Lowenfeld aliandika alichokiona, bila kuharakisha kukifasiri.

Virginia Axline wa Marekani, mfuasi wa mwanasaikolojia Carl Rogers, akaligeuza hilo kuwa utaratibu. Kitabu chake cha mwaka 1947 kina kanuni nane: mtoto huongoza, mtu mzima hufuata, wala hamharakishi. Mipaka huwekwa michache, ile isiyoepukika tu. Mwenye hofu hupata mahali anapoamua yeye, na asiyetulia, aliyezoea kukemewa kutwa, hupata saa isiyo na mtihani wa kufeli.

Miaka ya 1960, wanasaikolojia Bernard na Louise Guerney walianza kuwafundisha wazazi wenyewe kuendesha vipindi hivyo: kucheza na mtoto bila kumhoji wala kumwelekeza. Uchambuzi wa tafiti 93 uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa manufaa yalikuwa makubwa zaidi pale mzazi aliyefunzwa aliposhika nafasi ya mtaalamu.

Hata hivyo, kucheza si dawa ya kila kitu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye tatizo la umakini, madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kuanza na mafunzo ya malezi kwa mzazi. Kwa mkubwa zaidi, dawa nayo huwa na nafasi yake. Katika umri wowote, anayedhani mwanawe ana tatizo hilo aanze kwa kumpeleka akapimwe, ndipo achague tiba.