Mchezo wa Karne: Kete Nyeusi Zilipoibuka na Ushindi

Katika sataranji, mwenye kete nyeupe ndiye huanza, hivyo mwenye nyeusi huingia mchezoni akiwa nyuma kwa hatua moja. Mfano mashuhuri wa namna pengo hilo linavyoweza kuzibwa ni mchezo uliofanyika New York, Marekani, tarehe 17 Oktoba 1956, kati ya Donald Byrne, aliyekuwa na umri wa miaka 26, na Bobby Fischer, kijana wa miaka 13 aliyecheza kwa kete nyeusi.

Fischer alimhifadhi mfalme wake mapema nyuma ya ngome. Byrne, kwa upande wake, alimwacha mfalme katikati ya ubao, na katika hatua ya 11 akamsogeza tena askofu aliyekwisha kumchezesha. Fischer alijibu kwa kumpeleka farasi ukingoni mwa ubao, mahali ambapo angeweza kuliwa. Byrne hakuthubutu kumla, kwa kuwa kufanya hivyo kungefungua njia ya kumshambulia mfalme wake.

Katika hatua ya 17, Fischer aliacha malkia wake aliwe, akamsogeza askofu. Byrne alimla malkia huyo katika hatua iliyofuata. Kuanzia hapo, askofu na farasi weusi walimtishia mfalme mweupe mara tano mfululizo, naye akawa anahamahama kati ya miraba miwili tu. Hatimaye Fischer alipata ngome moja, maaskofu wawili na askari mmoja badala ya malkia wake.

Malkia wa Byrne alibaki ubaoni hadi mwisho, lakini akiwa mbali na mfalme aliyehitaji ulinzi. Katika hatua ya 41, ngome, farasi na maaskofu wawili wa Fischer walimzingira mfalme huyo, akakosa pa kukimbilia.

Mwandishi Hans Kmoch aliuita pambano hilo "Mchezo wa Karne" katika jarida la Chess Review. Fischer alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1972 kwa kumshinda Boris Spassky mjini Reykjavik, Iceland. Mchezo huo wa mwaka 1956 ungali ukifundishwa, kwa kuwa unaonesha wazi kwamba kete chache zinazoshirikiana zinaweza kumshinda malkia aliye peke yake.