Moyo Uendao Kombo

Mara ngapi umesikia mitaani kwetu, Temeke au Kinondoni, kuwa fulani kaanguka ghafula, akapoteza fahamu, kisha akaamka kama hapana lililotokea? Huyu husema ni mashetani, yule husema ni kifafa. Hutafutwa kombe na ubani, na mgonjwa hukatazwa kazi na matembezi. Ni wachache wanaoushika mkono wake wakahesabu mapigo.

Na elimu hiyo si ngeni kwetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza kwa urefu mapigo ya mshipa katika kitabu chake al-Qanun. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, ukiongozwa na umeme mdogo uliomo ndani yake. Umeme huo ukizuiliwa njiani, mapigo huweza kushuka hadi 30 au 40. Hapo mtu hupanda ngazi akahema, na damu ikipungua ubongoni, huanguka.

Hayo ndiyo yaliyomsibu Arne Larsson wa Sweden, aliyekuwa akizirai mara nyingi kwa siku. Tarehe 8 Oktoba 1958, akiwa na miaka 43, alitiwa mwilini chombo cha kuuamsha moyo, cha kwanza duniani. Alibadilishiwa vyombo zaidi ya 20, akaishi hadi mwaka 2001.

Kuna na mapigo ya kasi na fujo, yanayoua kwa dakika chache. Fabrice Muamba, mchezaji mzaliwa wa Kongo, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012, na moyo wake ukasimama dakika 78. Aliokolewa kwa kuwa alikandamizwa kifua papo hapo. Mpira aliuacha, uhai akabaki nao.

Hapa kwetu, Muhimbili asili yake ni sadaka ya Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo. Zamani wagonjwa wengi wa moyo walipelekwa India; mwaka 2015 ikaanzishwa hapo hapo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na vyombo hivyo sasa hupandikizwa Dar es Salaam.

Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu. Basi msomeeni mgonjwa wenu, lakini mhesabuni na mapigo, wala msikawie kumfikisha hospitali. Huenda mliyemfungia ndani akarudi kazini kwake, kwa kiasi atakachoambiwa na daktari.